Kilo Tisini na Sita

Mimi ni mtu wa majivuno, na sioni sababu ya kuficha jambo ambalo Igogo nzima, ninakofanyia kazi, inalijua. Najivunia dagaa ninaokaanga, najivunia watoto niliowasomesha kwa dagaa hao, na kwa miezi sita nilijivunia mizani. Nilianza na kilo mia moja na kumi na moja. Kila Jumamosi asubuhi nilipanda kwenye mizani ya zahanati iliyo karibu na kwangu, Pasiansi, na kila Jumamosi mshale ulirudi nyuma kidogo, mpaka nikafika tisini na sita. Hapo ukagoma.

Watu walidhani nataka kurudi usichana. Walinitania, wakaniuliza kama kuna mchumba, nami nikawaacha wadhani hivyo, maana ukweli ulikuwa unaniuma zaidi. Nilikuwa nataka kumwamkia baba yangu.

Kwetu Kwimba binti hamwamkii baba yake akiwa amesimama. Anapiga magoti, anatoa salamu, anasubiri kuitikiwa. Baba yangu macho yamefifia, siku hizi anaona mwanga na kivuli tu, kwa hiyo kwenye salamu ameongeza la kwake: ukishapiga magoti anashusha mkono, anakuwekea kiganja utosini, na ndipo anaitikia. Anatujua wote kwa vichwa vyetu. Mdogo wangu anayeishi naye anasuka, mimi nanyoa, wajukuu kila mmoja na alama yake. Hajawahi kukosea.

Siku walipoleta ng'ombe wa mahari ya binti wa mdogo wangu, nilipiga magoti mbele ya baba na ukoo mzima wa upande wa pili. Kushuka nilishuka. Kuinuka kukanishinda. Nilisukuma, nikashika ardhi, nikatafuta pa kushikilia, wapi. Mwishowe wanaume wawili wa upande wa muoaji wakanishika kwapani, mmoja kulia, mwingine kushoto, wakaninyanyua kama gunia la mpunga. Kuna mtu alicheka halafu akajikohoza. Mimi nikasema nimeteleza, kwenye uwanja mkavu wa mwezi wa nane.

Aibu ile ningeimeza. Iliyonishinda ni ya mara ya pili. Nilienda tena baada ya wiki chache, tukiwa wenyewe tu, na nikaogopa kushuka. Nikamwamkia baba nikiwa nimesimama, nimeshikilia mgongo wa kiti. Mkono wake ukashuka mpaka pale kichwa changu kilipopaswa kuwa. Ukakuta hewa. Ukapapasa, ukagusa pindo la kitenge changu, ukarudi kwenye paja lake. Akaitikia marahaba na kuniuliza habari za ziwa, kama wanavyoulizwa wageni.

Nilirudi Mwanza siku ileile nikiwa nimeapa kwamba sitasimama tena mbele yake mpaka niweze kupiga magoti na kuinuka mwenyewe. Daktari alikuwa ameshaniambia kuwa magoti yangu hayana ugonjwa mkubwa, yamechoka kubeba tu. Nikakumbuka kwamba miaka ile nilipokuwa na kilo tisini nilipiga magoti kanisani misa nzima, na kuinuka nikiwa naimba. Basi tisini ikawa namba yangu. Nikifika tisini, naenda nyumbani. Kabla ya hapo, hapana.

Kilo kumi na tano za kwanza nilizitoa kwa ubishi, na ubishi ninao wa kutosha. Ugali ukatoka kwenye mlima mpaka kwenye ngumi yangu mwenyewe. Chai bila sukari, soda mpaka Krismasi, chapati nikazipisha kwa heshima. Nilinunua daftari nikaandika kila kinachoingia mdomoni: sato wa kuchemsha nusu, matembele, michembe ya viazi vikavu vipande sita, chungwa moja. Jioni nilitembea kutoka barabarani hadi kwangu juu kwenye mawe badala ya kuita bodaboda, na vijana wa bodaboda wakazoea kunipungia mkono wakinipita. Mdogo wangu alipopiga simu kuuliza lini nitaenda, nilimwambia nipo njiani. Namba ilikuwa inashuka, kwa hiyo haikuwa uongo.

Kisha ikaja tisini na sita. Jumamosi ya kwanza sikujali. Ya pili nikamwambia muuguzi mizani yao imechoka. Alikuwa binti mpole, umri wa mwanangu wa kwanza, akaleta jiwe la kilo kumi wanalopimia usahihi, akaliweka, mshale ukasimama kwenye kumi kamili. Akaniambia wiki mbili si kitu, mwili unaweza kushikilia maji, hasa kwa mtu anayeshinda kwenye chumvi na moto kama mimi. Tusubiri, akasema. Mimi kusubiri sikujaliwa.

Ya tatu na ya nne nikaamua kuukomoa mwili. Nikaacha kifungua kinywa. Nikaacha ugali kabisa, hata ile ngumi. Nikawa nakunywa maji ya ndimu na kujiona shujaa, huku nikigombana na kila mtu aliyenisalimia. Mshale ukabaki palepale. Wiki ya tano, saa sita mchana, nikiwa nimeinamia karai la mafuta yanayochemka, dunia ikazunguka. Mwenzangu ninayekaanga naye alinidaka kwa nyuma akanikalisha kwenye ndoo. Huyu ni mwanamke mwembamba kutoka Ukerewe, tuko naye miaka kumi na moja, na si mtu wa maneno. Alinipa chai yenye sukari akanitazama mpaka nikaimaliza. Kisha akasema kwamba nikitaka kufa nifie nyumbani kwangu, karai ni la wote wawili.

Siku hiyohiyo mdogo wangu akapiga simu. Aliniambia baba ameacha kuuliza nitakuja lini, sasa anauliza alinikosea nini.

Niliketi na simu ile mkononi muda mrefu. Nilijihisi mtu mbaya. Lakini hata hapo, na ninalisema hili ili mjue ni mtu wa namna gani, sikuwaza kwenda. Niliwaza zile kilo sita.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea muuguzi daftari langu lote, miezi saba na ushee, kila ukurasa umepigwa mstari kwa rula. Nilitaka aone kwamba kosa si langu. Alinikaribisha, akaniamkia, akasoma polepole akilowesha kidole kila anapofunua. Alisema sasa ndiyo tunaweza kusema nimekwama, maana wiki sita ni nyingi, na mtu akikwama kuna sababu. Akaanza na ile rahisi: mwili wa kilo tisini na sita unahitaji chakula kidogo kuliko wa mia na kumi na moja, kwa hiyo kipimo kilichonishusha mwanzoni sasa kinanitosha tu kubaki nilipo. Kujinyima mpaka kuzunguka kichwa hakusaidii, kunachosha mwili na kuharibu siku, na ikifika jioni mtu anafidia bila kujua. Hayo niliyakubali. Kisha akafunga daftari.

"Mama, hapa kuna kila kitu isipokuwa kazi yako," akasema.

Nilimwambia kazi haiandikwi kwenye daftari la chakula. Akaniuliza, kwa adabu zote, kama mtu anayekaanga dagaa kutwa nzima huwa haonji. Hapo nilijibu kwa kiburi cha biashara. Nilimweleza kwamba hakuna karai linalotoka kwangu bila kupita kwenye ulimi wangu, mara moja katikati kwa ajili ya chumvi, mara moja mwishoni kuhakikisha wamekauka na wanavunjika mdomoni, na ndiyo maana dagaa wangu wanajulikana mpaka maofisini Nyamagana. Nilijisifu dakika nzima mbele ya yule binti kabla ya kusikia ninachosema.

Hakunicheka. Aliniambia nifanye jambo moja tu, siku moja. Kila nikionja, kiasi kilekile kiwekwe kwenye kopo.

Jumatatu nilimkabidhi mwenzangu kopo tupu la majarini, lile la kilo. Nikionja, yeye anachota kiasi hichohicho anatia. Nilionja kama kawaida yangu, vidole vitatu, harakaharaka, huku naongea na wateja. Nilipofika karai la kumi na moja nikageuka, nikaona kopo limejaa mpaka kwenye mdomo, dagaa wanang'aa kwa mafuta, na tulikuwa bado na makarai matano.

Nilimgombeza. Nilimwambia ana vidole virefu, anachota kwa wivu. Alinipa kopo mkononi. Kesho yake nikachota mwenyewe, kwa vidole vyangu, na nikiwa najua kabisa kuna hesabu. Hata kwa kujibana hivyo, lilijaa karai la kumi na nne.

Nililiangalia kopo lile kwa hasira ya kweli. Miezi yote ile nilikuwa nakula ngumi ya ugali na nusu ya samaki nyumbani, nikilala na njaa kwa fahari, na kazini nakula kopo zima na zaidi la dagaa wa mafuta bila kuandika hata mfupa mmoja kwenye daftari. Mwanzoni mwili ulikuwa mkubwa, ukapungua hivyohivyo. Ulipofika tisini na sita, kopo na njaa vikalingana nguvu.

Sasa nani ataonja? Hili nililiona gumu kuliko kuacha sukari. Ulimi wangu ndio jina langu pale mwaloni, penye soko la samaki. Nilitaka kusema kwamba biashara ndiyo inayonila mwili, hakuna la kufanya, nimshukuru Mungu kwa zilizopungua. Mwenzangu ndiye aliyesema kwamba yeye haonji kamwe. Miaka kumi na moja, na sikuwahi kuona. Aliniambia niinamishe sikio. Dagaa wakiingia kwenye mafuta wana kelele nyingi kwa sababu ya maji yao, kelele inapungua kadiri wanavyokauka, na wakishakuwa tayari karai linakaribia kunyamaza. Na chumvi, akasema, ukiipima kwa kikombe kimoja tangu asubuhi haiwezi kubadilika mchana.

Tulikubaliana hivi: naonja dagaa mmoja wa karai la kwanza, mmoja kwa kuhesabu, basi. Yaliyobaki ni sikio. Wiki ya kwanza niliunguza makarai mawili kwa kubishana na sikio langu. Ya pili nikaanza kuwa hodari, na hapo nikajivuna kana kwamba nimelivumbua mimi.

Muuguzi naye alikuwa na la pili. Jumamosi baada ya kopo alikuwa ameniketisha kwenye benchi la wagonjwa akaniambia niinuke bila kushika kitu. Niliweza mara nne, ya tano nikarudi chini kwa kishindo. Akasema mtu akipungua bila kuitumikisha miguu, nyama ya nguvu nayo inaondoka. Nirudishe ngumi yangu ya ugali, nile asubuhi, na nifanye kazi ya kukaa na kuinuka. Pia nisiamini mizani peke yake. Akanipima kiuno kwa kipande cha kamba, akafunga fundo.

Kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea kwenda mdomoni kila karai likitaka kuiva, niliupa mwili kazi nyingine saa ileile. Dagaa wakipiga kelele, mimi nakaa kwenye kigoda na kuinuka, mara tano. Makarai kumi na sita, fanya hesabu mwenyewe. Wateja walidhani nimepandwa na kitu. Mzee mmoja muuza nyavu alihama upande akawa anakuja na kiti chake kutazama. Nilimwambia akitaka kuona bure naye akae na kuinuka, na akajaribu mara mbili akaondoka.

Mizani haikuniheshimu hata hivyo. Jumamosi mbili zaidi, tisini na sita. Ya tatu, tisini na tano na nusu. Muuguzi alifurahi kwa sababu kwenye ile kamba kiuno kilikuwa kimerudi nyuma ya fundo kwa upana wa vidole viwili. Mimi nilikasirika, maana nilikuwa nimeshapiga hesabu: kwa mwendo ule tisini ningeifikia mwaka mwingine, na simu za mdogo wangu zilikuwa zimepungua.

Halafu siku moja mwiko uliniponyoka ukaingia chini ya meza. Nikapiga goti, nikanyoosha mkono, nikauchukua, nikainuka, nikaendelea kugeuza dagaa. Baada ya muda niliona kimya. Mwenzangu alikuwa ameacha kupakia pakiti, ananitazama.

"Umepiga magoti," akasema. "Yote mawili. Na hukushika meza."

Nilimwambia hapana. Nikautupa mwiko chini makusudi, nikashuka, nikauchukua, nikainuka. Nikautupa tena. Mara ya tatu nilikuwa nalia, na mafuta yalikuwa yananyamaza, na ikabidi mmoja wetu aepue.

Miguu yangu ilikuwa imeniacha nyuma ikaenda zake. Wakati mimi nabishana na mshale, yenyewe ilikuwa imeshapona karai kwa karai, na sijui tangu lini. Huenda wiki moja, huenda tatu. Labda kila Jumamosi niliyorudi nyumbani na tisini na sita yangu ningeweza kuwa Kwimba, na baba asingekuwa anajiuliza alinikosea nini. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Jumamosi iliyofuata sikwenda kupima. Nilifunga dagaa kilo mbili, wa karai la kwanza, nikapanda basi la alfajiri.

Nilifika saa nne. Baba alikuwa kwenye kiti chake mbele ya mlango, fimbo kati ya magoti. Mdogo wangu alikuwa anatwanga upande wa jikoni, aliponiona akaacha mchi. Nilimwonyesha kidole mdomoni. Nilitaka kumfikia baba mwenyewe. Sikuwa nimefika nusu ya uwanja akageuza kichwa kuelekea nilipo, akasikiliza, kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa mtoto wake yeyote. Aliegemea fimbo akasimama.

Sikuwa na muda wa kuwaza. Nilifika mbele yake nikashuka, goti la kulia, la kushoto, nikainamisha kichwa, nikatoa ile salamu yetu ya asubuhi.

"Mwangaluka, baba."

Hakuitikia. Nilisubiri kiganja, hakikuja. Nikainua macho. Mkono wake ulikuwa juu yangu, umenyooka mbele kwa kimo cha kichwa cha mtu aliyesimama, unapapasa hewa kwa mara ya pili. Baba yangu, mzee wa miaka themanini na zaidi, alikuwa amesimama ili binti yake asilazimike kupiga magoti.

"Niko huku chini, baba," nikamwambia.

Mkono ukasita. Kisha ukashuka taratibu, kama hauamini, mpaka ukanikuta. Kiganja chake kikazunguka kichwa changu kilichonyolewa, kikatulia utosini. Akaitikia. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mdogo wangu, kule jikoni, alijifuta uso kwa kanga.

Nikainuka. Sikushika kiti, sikushika ardhi, sikuharakisha. Alifuata kichwa changu kwa mkono wake kikipanda, mpaka tukawa uso kwa uso.

"Nani amekushika?" akauliza.

"Hakuna, baba. Nimeinuka mwenyewe."

Akapapasa hewa kulia kwangu, akapapasa kushoto, kutafuta wale wanaume wawili. Hakukuta mtu. Akarudi kwenye kiti chake, akajiweka sawa, akasimamisha fimbo kati ya magoti, na nikaona uso wake unakaza usicheke. Nikajua majivuno yangu nimeyatoa wapi.

"Rudia," akasema. "Sikusikia vizuri."

Nikashuka tena. Safari hii mkono wake ulikuwa umeshateremka, unanisubiri.